Msimharakishe mjane kusamehe

Jumamosi kwenye jumuiya mama mmoja alisimama kuomba tumsaidie kusali, mumewe kafariki mwaka jana na mashemeji wamemtoa kwenye nyumba waliyojenga wote kwa hela za vikoba, hajamaliza hata kuongea mzee mmoja akamkatisha, "samehe tu mama, hicho kinyongo ndo hakishushi presha". Watu wakaitikia amina. Mama wa watu akakaa, akajifuta macho na kanga, tukaendelea na rozari. Imeniuma mpaka leo.

Jamani, kusamehe ni habari ya deni. Kwenye sala tunasema makosa, ila fungua Mathayo 6:12 imeandikwa "utusamehe deni zetu", na deni utalifutaje kama hujui ni kiasi gani? Halafu nenda Mathayo 18, yule mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi akaenda kumkaba koo mwenzie kwa dinari mia. Kila mahubiri tunaambiwa dinari mia ni vijisenti. Si vijisenti! Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa nzima, kwa hiyo mia ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho la mtu. Yesu hakusema hudai kitu. Unadai, tena hela ya kweli, na mfalme mwenyewe alianza kwa kufanya hesabu ndo akasamehe, sasa sisi tunataka mjane afute bila hata kusikilizwa anadai nini?

Mimi baba mdogo aliuza kiwanja cha mzee wangu wakati mzee yuko wodini. Miaka sita, nikifika "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea" nanyamaza, nadakia kwenye kishawishi. Kinyongo kinachosha, hapo yule mzee wa jumuiya simbishii. Ila nilianza kupona siku padri aliponiambia nimtajie Mungu kila nilichopoteza, nikataja kiwanja, nikataja miembe miwili, nikataja mzee kuondoka duniani akijua mdogo wake kamgeuka, nikalia sana, ndo nikaweza kusema Bwana hili deni nakuachia wewe. Baba mdogo hajaomba radhi hadi leo. Alipovunjika mguu nilienda kumjulia hali, tukanywa chai.

Na kusamehe hakufuti kesi. Papa Yohane Paulo II alipigwa risasi Mei 13, 1981, akamsamehe Ağca aliyempiga, Papa akiwa bado kitandani hospitali, Desemba 1983 akamfuata gerezani wakakaa wakaongea, halafu Papa akarudi zake Vatikano na Ağca akabaki ndani mpaka mwaka 2000 ndo Italia ikamwachia. Kwa hiyo msimwambie yule mama kwamba akidai nyumba yake hajasamehe.

Jumatano ana mirathi Mahakama ya Mwanzo. Nimeshaomba ruhusa kazini, nitaenda naye, na njiani akitaka kunihesabia kila tofali nitamsikiliza.