Kutaja hadi mia si kujua idadi

Nimesoma makala inayowasifu watoto wa chekechea wanaohesabu hadi 100. Hongera zao, ila mimi nafundisha darasa la awali na naomba tusiridhike hapo. Mtoto anaweza kuimba moja hadi mia bila kukosea, lakini ukimwambia akuletee vizibo vinne anakuletea konzi nzima. Bado hajajua kwamba namba ya mwisho anayoitaja ndiyo jumla ya vyote. Hilo hujengwa kwa mikono: gusa kizibo kimoja, taja namba moja, kisogeze pembeni. Nyumbani mwachie agawe vikombe, kila mtu na chake.

Kiswahili kinatusaidia sana kwenye kumi na moja, kumi na mbili. Kila kitu kinasikika. Ugumu huja kwenye ishirini na thelathini, maneno yenye asili ya Kiarabu, ambamo mtoto hasikii "mbili" wala "tatu". Hapo mimi hufunga njiti kumi kumi kwa mpira, tukasema: mafungu mawili ya kumi, ishirini.

Na jamani wazazi, msiwakataze kuhesabu kwa vidole. Ninaye mwanafunzi mmoja anayeficha mikono chini ya dawati kwa woga.