Bomba Lenye Afya

Anayejifunzia kuchomelea vyuma uani kwake, hapa Dar, mwishowe atafika tu mtaa wa Gerezani, kwa wauza chuma chakavu. Dukani bomba unauziwa zima, mita sita, na ukitajiwa bei unakumbuka ada za watoto. Kwenye chakavu unapimiwa kwa kilo. Nilikuwa nataka miguu ya meza ya kazi, nikashuka kule na sumaku mfukoni, maana nilishajiona mtaalamu.

Utaalamu wenyewe ulikuwa huu: sumaku inase, kutu isiwe ya kumeguka, na yale mabomba yaliyopakwa zinki niyapite mbali, kwa sababu ukiyachomelea moshi wake unakulaza na homa kama ya malaria. (Hilo nalijua kwa mwili wangu. Tuliache.)

Nikayaona matatu ya inchi mbili, kila moja mita mbili, ncha zote zimezibwa kwa vibati. Nikanyanyua moja. Zito!

"Hayo yana afya, kaka," muuzaji akasema. "Siyo ya siku hizi, ukipiga chafya linapinda."

Vile vibati ndivyo vilivyonimaliza. Nikajisemea, humu maji hayajawahi kuingia, ndani litakuwa jipya kabisa. Mizani ikasoma kilo 37, kilo shilingi 1,500. Jumla 55,500. Akanipunguzia mia tano kwa shingo upande, nami nikayapakia kwenye bajaji haraka haraka, asije akashtuka kwamba ameniuzia rahisi.

Nyumbani nikawasha grenda. Cheche zikaruka, nikamtupia mama watoto lile jicho la "unaona?" Mara cheche zikakata, likaanza kutoka vumbi jeupe. Diski mpya ikaisha palepale. Navua miwani, nimekuwa kama mtu aliyelala mashineni wanakosaga sembe.

Zege. Yote matatu, limeshindiliwa mpaka mdomoni. Kumbe zilikuwa nguzo za uzio wa watu.

Fundi jirani akaja, akagonga kwa nyundo. Ndu! Akagonga bomba lake tupu, likalia ngiii, mpaka kuku wakakimbia.

"La inchi mbili, unene milimita mbili, mita moja haifiki kilo mbili na nusu," akasema. "Wewe una mita sita. Piga hesabu."

Nikapiga. Chuma kilo 14. Zege kilo 23, shilingi 34,500. Dukani kwa Mangi mfuko mzima wa saruji, kilo 50, haufiki elfu ishirini.

Wiki iliyofuata akapita kijana wa chuma chakavu na kipaza sauti chake. Nikamwita kwa sauti ya mtu asiye na shida ya hela, nikamwonyesha yale mawili mazima. Akanyanyua moja, akalirudisha chini taratibu. Akachomoa spana mfukoni, akagonga.

Ndu.

Akaniangalia kuanzia ndala mpaka kichwani.

"Shikamoo, mzee wangu," akasema. "Na umri wote huo, bado unajaza watu zege?"