Mzee, Haya ni Mate

Kikohozi changu kilijulikana Kibokoni nzima kabla mimi mwenyewe sijakitilia maanani. Nyumba zetu za Mji wa Kale wa Mombasa zimebanana, ukuta wako ndio ukuta wa jirani, na jirani yangu ni Bi Mkubwa, mtu mzima aliyekwisha kuzika waume wawili na anayetambua maradhi kwa masikio tu. Ukikohoa usiku, asubuhi majibu unayapata dirishani bila kuuliza.

"Hicho si cha mafua," akaniambia. "Cha mafua kina belghamu, chakoroma. Na cha pumu kingepiga mluzi. Chako kikavu, chakwaruza koo tu. Hicho, baba, ni jicho la mtu."

Jicho au si jicho, tiba zikaanza. Habasoda kwa asali. Ndimu iliyochomwa, ikatiwa chumvi. Mafuta ya karafuu kifuani, mpaka mke wangu akalalamika kuwa analala na sufuria ya pilau. Mwisho Bi Mkubwa akaja na chetezo chake, akanifunika shuka, akanifukiza ubani. Sijui nani alimwambia kwamba mtu anayekohoa anahitaji moshi. Nilikohoa hadi kofia ikaangukia makaani, na ile kofia ilikuwa ya vito, ya kushonwa kwa mkono.

Faida yake ilikuwa moja tu. Tangu ule mwaka 2020, ukikohoa ndani ya matatu ya Kongowea unaachiwa kiti kizima.

Zilipopita wiki mbili, mke wangu akakata shauri. Hiyo ndiyo kanuni hata watoto wa shule wanaijua: kikohozi cha wiki mbili kinapelekwa kupimwa TB. Tukaenda kituo cha afya cha serikali. Sista akauliza maswali yake: natoka jasho usiku? Nimetema damu? Nimepungua uzito? Kwenye uzito mke wangu alinitazama tumbo, akaangalia pembeni, mabega yakimcheza.

Nikapewa kikopo cha plastiki chenye kifuniko na maelezo: sukutua kwa maji, vuta pumzi ndani kabisa, izuie kidogo, vuta tena, kisha kohoa kutoka kifuani. Na kazi hiyo ifanyike nje, penye upepo, ili kama una vijidudu visibaki chumbani kuwangoja wengine. Nje kwenyewe ni kando ya uzio wa waya, na ng'ambo ya uzio ni stejini kwa vijana wa bodaboda, pamoja na mama mmoja wa viazi karai.

Nilikohoa. Nikapeleka kikopo maabara. Kijana wa maabara akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mzee, haya ni mate."

Nikarudi uzioni, nikajikamua, nikapeleka tena.

"Mzee, haya ni mate yenye povu. Nataka makohozi."

Kufikia hapo stejini hakuna aliyekuwa akitafuta abiria. Walikuwa wamejipanga wayani.

"Ami, wakohoa kwa adabu mno! Hapa si msikitini!"

"Inama! Shika magoti!"

Mmoja wao, mrefu mwembamba mwenye jaketi la kung'aa, alijiteua kuwa kocha. "Tazama, ami," akasema, akainama, akakohoa. Lo! Kilitoka chini kabisa, kizito, kikipandisha vitu njiani. Nilimwonea wivu. Mimi nafukuzwa maabara na mate yangu, mwenzangu anazo mali na hana pa kuzipeleka.

"Mimi hiki ninacho tangu Ramadhani," akasema, kwa fahari kabisa. "Ni vumbi la barabarani tu."

Basi hapo ndipo kusi ilipovuma. Mama wa viazi alikuwa ameweka ungo wa pilipili kavu kando ya jiko, tayari kwa kutwanga chatne yake. Ungo ukapinduka, pilipili zote zikamwagika juu ya makaa. Ule moshi haukuwa na rangi wala haukuwa na haraka. Kwanza alikohoa mama mwenyewe ndani ya leso yake. Halafu stejini yote. Halafu askari wa getini, kondakta aliyekuwa akipita akining'inia mlangoni, na mke wangu, ambaye muda wote alikuwa amesimama mbali akijifanya hanijui. Mimi nilikohoa hadi nikaona nyota mchana, lakini kikopo sikukiachia.

Sista akatokea mlangoni, akasimama akitazama uzio mzima ukikohoa. Akarudi ndani. Akatoka na barakoa usoni na boksi la vikopo mkononi.

"Nani hapa," akauliza, "alikuwa anakohoa kabla ya pilipili?"

Wenzake wakamsukuma kocha mbele.

Changu kilipoinuliwa dirishani, yule kijana wa maabara alisema "Mashallah," na sijawahi kusifiwa hivyo na mtu wa serikali.

Mashine ya GeneXpert, ile inayotafuta TB kwenye makohozi, inachukua kama saa mbili. Majibu yangu yakatoka safi. Daktari akanisikiliza kifua, mapafu hayana neno, akauliza natumia dawa gani. Nikamtajia ile ya presha, enalapril. Akaweka kalamu chini. Kumbe dawa za ukoo huo zinawakohoza baadhi ya watu kikohozi kikavu kisicho na mwisho, kwa sababu zinaacha kemikali iitwayo bradikinini irundikane mwilini na kulitekenya koo. Akanibadilishia losartan na kunionya nisiache tu dawa ya presha kienyeji. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kuuliza, akaniongezea kwamba dawa ya kwanza ya vidonge katika ukoo huo, captopril, wataalamu waliibuni kwa kuchunguza sumu ya nyoka wa Brazili.

Nilimsimulia Bi Mkubwa. Akapiga vigelegele. "Nyoka! Si nilikwambia ni mtu?"

Baada ya wiki chache koo lilitulia. Kocha ndiye aliyepatikana na TB, na alilitangaza mwenyewe stejini kwa sauti ile ile ya ukocha, wenzake wote wakaitwa kupimwa. Dawa zake ni za bure, miezi sita, bila kuruka siku.

Asubuhi moja, kabla jua halijachomoza, mlango wangu ukagongwa kwa ngumi.

"Ami! Nimekwisha! Mkojo unatoka rangi ya machungwa!"

Nikampigia sista, nikaweka spika.

"Ni dawa hiyo, rifampisini," akasema kwa sauti ya usingizi. "Na nilimweleza. Akanijibu 'sawa sista' huku anaandika meseji. Hata jasho na machozi yanaweza kugeuka hivyo, asishtuke."

Kocha akakaa kizingitini, kichwa mikononi.

"Hata jasho? Sista, nimeshashona kanzu nyeupe ya Idi!"

Kimya kidogo upande wa pili.

"Basi nenda karudishe kwa fundi, uchukue ya kahawia."