Ctrl+S ibaki S, au iwe H ya Hifadhi?

Menyu inasema Hifadhi, pembeni yake pameandikwa Ctrl+S. S ya nini? Anayeshika kibodi kwa mara ya kwanza ana haki ya kuuliza, na sisi tunaoandika programu zenye menyu za Kiswahili tunapaswa kuwa na jibu.

Wanaotaka herufi zibadilishwe wana mfano mzuri. Word ya Kihispania huhifadhi kwa Ctrl+G, ya guardar, na hukoza maandishi kwa Ctrl+N, ya negrita. Kwa nini Mswahili akariri S ya Save, neno la Kiingereza?

Lakini Word hiyohiyo ndiyo inayonitia hofu. Humo, Ctrl+S hupigia maandishi mstari. Mtu aliyezoea programu nyingine huibonyeza akiamini kazi yake iko salama, kumbe haijahifadhiwa. Kwetu mgongano ungekuwa mkubwa zaidi: Chapisha ingedai C, ambayo karibu kila mahali ni ya kunakili, na Nakili ingeinyang'anya N hati mpya. Tena Z, X, C na V (tendua, kata, nakili, bandika), zilizoenezwa na kompyuta za Apple, Lisa ya 1983 na Macintosh ya 1984, zimepangana safu ya chini upande wa kushoto. Vidole ndivyo vinavyozikumbuka. (Kwenye kibodi ya Kifaransa Z iko juu, kwa hiyo hata faida hiyo si ya wote.)

Naona Ctrl iachwe ilivyo. Penye kazi ya kweli ni herufi zinazopigiwa mstari ndani ya maneno ya menyu, zile za kuchagua kwa Alt, na huko wengi tunalipua. Ndani ya Faili kuna Fungua na Funga. Zote zikipewa F, Windows haitekelezi yoyote: inaruka kutoka moja hadi nyingine mpaka mtu abonyeze Enter. Fungua ibaki na F, Funga ichukue G: kwenye msimbo, alama ya & inawekwa kabla ya herufi hiyo, Fun&ga, basi. Chapisha inaweza kupata C yake hapa bila kugombana na mtu.

Anayeitaka H naye asinyimwe. Amri iandikwe mara moja, kisha menyu na kitufe viielekee hiyohiyo. Ukitega vitufe vya kibodi moja kwa moja kwenye kisanduku cha maandishi, kwa mfano kwa KeyListener (kisikilizi cha vitufe) ya lugha ya Java, njia ya mkato inakufa mtumiaji akihamia kwenye jedwali. Vitufe vikikaa kwenye orodha yao, kubadili S kuwa H ni suala la mpangilio mmoja, na mwenye kompyuta anaamua mwenyewe.