Ngoma bila mgeni rasmi

Mei Mosi ya mwaka juzi nilikuwa natoka shifti ya usiku, macho mazito, nikakuta daraja la Magdalen hapa Oxford limefurika watu. Kila mwaka saa kumi na mbili asubuhi wanakwaya huimba juu ya mnara, kisha kengele hulia. Watu walipoanza kutawanyika, nikasikia njuga.

Mtoto wa Tanga njuga nazijua. Nilichokuwa sikijui ni njuga kwenye miguu ya babu wa Kizungu mwenye kofia iliyojaa maua.

Ngoma hiyo wenyewe wanaiita morris. Kumbukumbu za London zinaitaja tangu 1448. Kwa kawaida huku hucheza watu sita, mistari miwili, suruali nyeupe, njuga zimeshonewa kwenye ngozi inayofungwa chini ya goti. Mikononi leso kubwa mbili, au rungu la kugonganisha na mwenzako. Wakiruka wote pamoja, vishindo vinasikika mpaka kifuani.

Nikaanza kuwafuata. Kipupwe chote wanafanya mazoezi ndani. Mei Mosi wanatoka, na hapo ni mwendo wa vijiji na baa mpaka Septemba. Kijijini Bampton, Jumatatu moja mwishoni mwa Mei, wachezaji wa kijiji hucheza kutwa nzima, wakipita bustani hadi bustani za watu.

Jioni ninayoikumbuka zaidi ni ya Juni, uani kwa baa moja, manyunyu yanadondoka. Watazamaji tulikuwa saba, na mbwa. Rungu likavunjika, kipande kikaruka hadi kwenye bia ya mtu. Akakitoa kwa vidole, akaendelea kunywa. Walicheza kama vile uwanja umejaa.

Hapo ndipo nilipoona wivu. Kwetu kikundi cha ngoma kinapakiwa kwenye lori alfajiri, kinasimama juani kikingoja msafara, kinacheza dakika tano, mheshimiwa anatikisa mabega mara mbili, kamera zinapiga, basi. Asipofika mgeni rasmi, hakuna ngoma. Najua mtanitajia vigodoro na unyago, na mna haki. Lakini hicho kikundi chenye sare na cheti cha usajili, mara ya mwisho kimecheza lini kwa sababu tu ni Jumatano?

Nisiwapambe sana, maana na hawa njaa iliwahi kuwatoa nje. Tarehe 26 Desemba 1899, wachezaji wa Headington Quarry, kando ya Oxford, walicheza nje ya msimu kwa kuwa baridi kali ilisimamisha kazi za ujenzi na walihitaji senti. Mpiga kinanda chao kidogo cha mkononi (concertina), William Kimber, alikuwa fundi mwashi. Cecil Sharp, mwalimu wa muziki, aliwaona kwa bahati tu, akaanza kuandika nyimbo zao. Bila ile njaa, sijui leo tungeona nini.

Jambo jingine siwezi kulipita. Baadhi ya vikundi, hasa vya mtindo wa mpakani mwa Wales, vilikuwa vikijipaka masizi usoni. Wengine husema ilikuwa kujificha wasitambulike wakiombaomba. Wengine wanaona mkono wa maonyesho ya kuwadhihaki watu weusi. Mwaka 2020 vyama vyao vikuu vilikubaliana kuacha, sasa wengi wanajipaka rangi nyingine. Mimi nisingesimama kwenye mvua kutazama sura yangu ikifanywa kichekesho, mila au si mila.

Septemba, siku ya kufunga, yule babu aliketi kwenye benchi akifungua njuga. Akanipa njuga za mguu mmoja nishike. Nzito kuliko nilivyodhani, na ngozi imelowa jasho. Akaniuliza navaa kiatu namba ngapi.

Mazoezi ni Jumatano. Nimeshaomba kubadilishiwa shifti.