Huku Wanapigania Kitanda cha Kibarua, Kwetu Hakuna Anayekihesabu

Mwangaluka, ndugu zangu wa Mwanza, na ninyi mlioko visiwani.

Kando ya barabara moja ya mashamba huku bonde la Salinas, California, kuna bango jipya. Wakazi wanapinga mabweni ya vibarua wa stroberi. Maneno yake ni machache, ila mawili yananichoma kila nikipita: "mtaa wetu". Stroberi ya kula bado haijapata mashine ya kuichuma iliyoenea. Karibu kila tunda linachumwa kwa mkono, na mtu aliyeinama tangu alfajiri, na wenye bango wanalijua hilo maana mashamba yamewazunguka pande zote. Saa kumi na mbili asubuhi wanamtaka mchumaji. Jua likizama awe wapi, hawasemi.

Nimekasirika, na hasira yenyewe haikuishia kwenye bango, imevuka bahari mpaka Ziwani kwetu. Ugomvi wa huku, pamoja na ubaya wake wote, unahusu kitanda ambacho kimeshapimwa na kuandikwa. Kwetu kibarua hapingwi kwa bango, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza analala wapi. Najua kuna watakaosema haya ndiyo maringo ya watu wa majuu. Nisomeni kwanza mpaka mwisho.

Mpango wenyewe uko hivi. Mkulima wa Marekani akikosa watu wa kuvuna, anaweza kuleta vibarua wa msimu kutoka nje kwa viza ya H-2A, iliyotokana na sheria ya mwaka 1986. Wengi wao wanatoka Mexico. Mwaka 2023 nafasi zilizoidhinishwa nchi nzima zilipita 370,000. Zamani ulikuwepo mpango wa bracero, wa kuleta vibarua wa mkataba kutoka Mexico, kuanzia 1942 hadi 1964, na wazee wetu wanaowakumbuka manamba wa mkonge wa Tanga wataelewa upesi: mkataba wa mbali, kazi ya mgongo, kisha kurudishwa kwenu. Ila H-2A ina sharti zito. Mwajiri anamlaza kibarua bure na kumsafirisha bure kutoka bwenini hadi shambani, na bweni linakaguliwa kabla kibali hakijatoka, watu wakiwa bado hawajafika.

Mkaguzi anakuja na futi kamba. Chumba cha kulala, futi za mraba 50 kwa kila mtu, dari isipungue futi 7. Watu wakiwa wanapika, wanakaa na kulala humo humo, ni futi za mraba 100 kwa kila mtu. Sasa chukueni chumba chetu cha kupanga cha Mabatini au Igogo, pale Mwanza, kile cha futi 10 kwa 10. Kwa kipimo hicho wanalala wawili. Ingiza jiko ndani, anabaki mmoja. Sisi tunalaza wangapi humo, mnajua wenyewe.

Vitanda viachane inchi 36. Vikiwa vya deka, inchi 48. Deka ya vitanda vitatu ni marufuku. Kitanda kiinuke angalau inchi 12 kutoka sakafuni. Madirisha yafikie moja ya kumi ya eneo la sakafu, nusu yake yafunguke, na yawe na wavu wa kuzuia wadudu. Nafasi hizo zina kazi: vitanda vikibanana, anayekohoa usiku anamkoholea wa kitanda cha jirani, na mwaka 2020 korona ilipoingia kwenye mabweni ya mashamba ilipita kitanda kwa kitanda. Choo kimoja kwa watu 15. Bomba moja la kuogea kwa watu 10, jiko moja kwa watu 10, karo moja la kufulia kwa watu 30. Mahali pa kupikia na kulala pawe umbali wa futi 500 kutoka mifugo ilipo. Maji ni galoni 35 kwa mtu kwa siku, yaani kama lita 132. Hizo ni ndoo sita na nusu za lita 20 kwa mtu mmoja. Waambieni hivyo akina mama wanaopandisha maji kwenye mawe ya Mabatini.

Sijasema kila bweni la huku linafuata haya. Yapo yanayofungwa, yapo yanayofichwa, na kuna wakulima wanaojaza watu nyumba ikishapita ukaguzi. Lakini kibarua akilalamika, kipo kipimo ambacho mwajiri wake amekivunja, na hicho kipimo ndicho ninachokililia.

Turudi kwa wenye bango. Hoja zao ni zile zile kila mahali: magari yatajaa, visima vitakauka, maji taka yatafurika, nyumba zitashuka bei, na ile wanayoisema kwa sauti ya chini, kwamba ni wanaume wengi wasio na wake zao. Hoja ya magari ni dhaifu kuliko zote, kwa kuwa wengi wa vibarua hawa hawana gari. Watu 36 wa bweni moja wanatoka na basi moja alfajiri na kurudi na basi hilo hilo. Hoja ya maji taka nzito kidogo: watu 36 kwa galoni 35 ni galoni 1,260 kwa siku, karibu lita 4,800, na shimo lililochimbwa kwa familia moja halitazimudu. Hilo linatibiwa kwa kujenga mfumo wa ukubwa unaostahili, na mhandisi analipigia hesabu kwa karatasi moja.

California yenyewe iliona mbali. Bweni la vitanda visivyozidi 36, au nyumba zisizozidi 12 za familia, sheria inalihesabu kuwa sehemu ya kilimo, kama ghala, na halmashauri haiwezi kulidai kibali cha pekee. Nyumba ya wafanyakazi sita au pungufu inahesabiwa kama nyumba ya familia yoyote. Ukivuka hapo ndipo vikao vinaanza, na rufaa, na tathmini ya mazingira.

Ucheleweshaji huo ndio unaoharibu kazi. Ombi la vibarua linapaswa kufika siku 45 au zaidi kabla ya siku ya kuanza kazi, na nyumba iwe tayari kukaguliwa. Rufaa moja ya miezi miwili inatosha kumkosesha mkulima mwanzo wa msimu. Mkulima hatangoja stroberi zioze. Atapanga moteli nzima, au atakodi nyumba za mjini na kupanga deka mpaka sebuleni. Mkazi aliyekataa bweni la shambani anajikuta na wanaume kumi ukuta wa pili, na familia ya mchumaji mwenyeji iliyokuwa imepanga nyumba hiyo inatolewa kwa sababu kampuni inalipa kodi kubwa kuliko wao. Anayeumia mwisho ni mvunaji mwingine. Wapingaji wangelitazama jambo hili kwa utulivu, wangekuwa wa kwanza kudai mabweni yajengwe.

Upo mfano wa kushinda pia. Spreckels, kijiji kidogo kando ya Salinas, wakazi walipinga makazi ya wafanyakazi wa mboga wapatao 800. Yalijengwa, yakafunguliwa mwaka 2016, na wachumaji wanalala humo. Mwaka huo huo kule Nipomo, kusini zaidi, nyumba iliyokuwa inajengwa kwa ajili ya wachuma stroberi iliteketea, na wachunguzi wakasema moto ulitiwa makusudi. Kwa hiyo msinisikie kama mtu anayewasifia wazungu. Nayajua yao.

Sasa ya kwetu.

Giza likiingia, yaani siku zisizo na mbalamwezi, dagaa wanavuliwa kwa taa, na kambi zinafurika, kuanzia Ukerewe hadi Goziba. Mbalamwezi ikikomaa, wavuvi wanapungua, wanatawanyika kusubiri giza jingine. Ni kazi ya msimu kama stroberi, tena msimu unaorudi kila mwezi. Mtumbwi ni wa tajiri, taa za tajiri, nyavu za tajiri, na mara nyingi hata banda ni lake. Banda lenyewe mnalijua: nguzo, mabati chakavu au turubai, mchanga chini, na mvuvi anakunja wavu mkavu unakuwa godoro. Wanalala wangapi? Wanaotosha.

Ninapouliza kwa nini hakuna anayewahesabu, jibu ninalolipata ni la mgao. Baada ya mauzo inatolewa gharama ya mafuta na chakula, kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri na watu wake. Basi tajiri anasema, "Hawa siwaajiri, tunagawana." Neno hilo moja linafuta kila wajibu. Asiyeajiriwa hana mkataba, hana likizo, hana bima, na hana haki ya kuuliza choo kiko wapi. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amwandikie mfanyakazi masharti ya kazi yake. Mgao unatumika kuikwepa, nasi tunauona na kuuita desturi.

Choo nitakisema kwa urefu, mtanisamehe. Kichocho cha tumbo kinasafiri hivi: mgonjwa anajisaidia ufukweni, mayai yanaingia majini, yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinatoka vikiwa vya aina nyingine na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayesukuma mtumbwi. Dawa inatolewa kila mara, na mvuvi anaambukizwa tena wiki inayofuata kwa sababu anarudi kusimama kwenye maji yale yale. Tunasema visiwani hakuchimbiki kwa mawe. Ni kweli, basi usichimbe. Jenga choo cha kuinuliwa: msingi wa mawe, juu yake vyumba viwili vya tofali vilivyopigwa plasta ndani, kila kimoja na tundu lake, na ngazi za kupandia. Mkojo utoke kwa mpira pembeni, kinyesi kimwagiwe majivu kila mara, na majivu kambini hayakosekani. Chumba kimoja kikijaa unakifunga kikae mwaka mzima, mnatumia cha pili. Kinachoharibu vyoo hivi ni maji: watu wakitawazia ndani na maji yakaingia chumbani, kinaoza, kinanuka, na wiki ya tatu wote wamerudi ufukweni. Kwa hiyo sehemu ya kutawazia iwe kando, na yenye njia yake ya maji.

Mtaniambia Tanzania si California, pesa hakuna. Kuachanisha vitanda kunagharimu nini? Kuhesabu watu kunagharimu nini? Mtaniambia kambi ni za muda. Hata vipimo nilivyowapa vimeandikwa kwa ajili ya kambi za muda. Mwingine ataniambia, na huyu namheshimu, kwamba tukileta kanuni itakuja bomoabomoa, mabanda yachomwe na wavuvi walale nje kabisa. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana nasema kanuni imfunge tajiri mwenye mtumbwi, na mvuvi asiguswe. Faini iandikwe kwenye leseni ya chombo.

Nami najivunia kitu kimoja ambacho Salinas hawana. Kambini Mkara, Mjita, Msukuma na Muha wanakula sinia moja, na hakuna aliyesimika bango la kumfukuza mwenzake. Halafu naumia tena, kwa sababu hao hao wakivuka kuja Mwanza mjini kutafuta chumba, dalali anawauliza wana familia? Hawana? "Mwenye nyumba hapangishi mabachela, na wavuvi hapana." Sababu? Wahuni, walevi, wana pesa za usiku. Hayo ndiyo maneno ya bango la huku, kwa Kiswahili chetu.

BMU zetu, yaani vikundi vya kusimamia uvuvi kwenye mialo, zinaandikisha mitumbwi. Ombi langu kwa viongozi wa mialo ni safu tano tu ziongezwe kwenye daftari: watu wangapi wanalala kambi hii, banda lina futi ngapi za mraba, vyoo vingapi, na choo kiko hatua ngapi kutoka majini. Safu ya mwisho iwe na jina la tajiri. Zijazwe giza lijalo, kabla taa hazijawashwa, na anayejaza aende na futi kamba ya mita tano. Inatosha kwa banda lolote la dagaa.