Simba Analamba Mno, na Si Mapenzi Peke Yake

Usiku wa nne tangu nimchukue mbwa wangu Simba, nilizinduka saa nane nikidhani bomba linavuja. Chwa, chwa, chwa. Nikatoka na tochi ya simu hadi barazani, nikamkuta Simba amejikunja juu ya gunia lake, analamba mguu wa mbele wa kushoto kama mtu anayesugua sufuria lenye ukoko. Manyoya yake ni ya rangi ya mchanga, lakini pale kati ya vidole yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu. Nikamwambia "Acha!" Akaacha. Nilipojifunika shuka tu, chwa, chwa.

Simba alikuwa mbwa wa jamaa wa mtaa wa pili hapa Morogoro, aliyehamishwa kikazi akamwacha. Miaka kama mitatu ameishi maisha tunayoyajua wote: mchana mnyororo, usiku anafunguliwa alinde. Jina la simba, roho ya kifaranga. Alipofika kwangu alilamba kila kitu: viganja, magoti, kandambili, mpini wa jembe, sakafu. Wanangu wakashangilia, "Baba, anatupenda!" Nami nilifurahi, sitaficha.

Sasa nina maoni, na najua wapo watakaonibishia. Mbwa mgeni akilamba kupita kiasi, sisi huwa na majibu mawili tu: ama ni mapenzi, ama hana adabu. Akipendeza tunamkumbatia, akikera tunamzaba kofi. Vyovyote vile, hatumtazami.

Mimi sikumtazama mpaka aliponiaibisha mbele ya Bi Mwanaidi. Mama huyu hupita kwangu kila jioni akienda kwa binti yake. Simba akamkimbilia, akamlamba unyayo kabla sijafungua mdomo. Bi Mwanaidi ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Nikamchotea maji, nikamletea udongo safi, nikasimama pembeni nimeinama kwa haya. Alipomaliza akasema, "Mwanangu, mimi simchukii mbwa wako. Ila ulimi wake una haraka."

Nikamgeukia Simba, nikamfokea. Akashusha masikio, akajilamba midomo ilhali hakuna chakula mbele yake, kisha akaja kuulamba mkono ule ule niliokuwa nimeunyanyua. Hapo nikajiona mjinga. Watoto wa mbwa mwitu, wale wenye mabaka wa hifadhi za Ruaha na Nyerere, huwalamba wakubwa midomoni wanaporudi mawindoni ili wacheuliwe nyama. Mbwa wetu wa nyumbani naye ana desturi hiyo. Kulamba kwake ni kusalimu, ni kuomba, na mara nyingi ni kusema mimi ni mdogo, usinipige. Kumbe nilikuwa nampigia kelele anayeniomba radhi, naye kila nikizidisha sauti anazidisha radhi.

Basi nikaacha kufoka. Akilamba mkono nasimama, nakunja mikono, nampa mgongo kimya. Akitulia, anapata dagaa mmoja. Ni hilo tu, mara ishirini kwa siku. Mbwa alielewa mapema kuliko watoto. Mdogo wao alikuwa akijificha nyuma ya tangi la maji ili alambwe uso kwa siri, na hilo sikulichekea. Kadi ya chanjo ya Simba sikupewa, na kirusi cha kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate. Si lazima ung'atwe: mate yakigusa kidonda au mdomo yanatosha. Wiki ile ile nikamchanja, na watoto nikawafundisha kwamba wakilambwa kwenye mchubuko na mbwa wasiyemjua ni sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali. Hakuna cha kusubiri tuone.

Lakini mguu ulikuwa habari nyingine kabisa. Kule kugeuza mgongo hakukusaidia kitu, kwa sababu mguu ule haukuwa ukizungumza na mimi.

Mtaani ushauri haukukosekana. Mmoja aliniambia nimpake pilipili. Mwingine, dawa ya josho la ng'ombe, korogea tu kwa macho. Wa tatu, fundi gari, akaniletea kabisa oili chafu kwenye chupa ya maji: "Mpake hiyo, kaka, ukurutu wote unakimbia." Hapa ndipo ninapokasirika. Tatizo lenyewe ni kwamba mbwa analamba! Chochote utakachompaka kitaishia tumboni mwake, iwe sumu ya kupe au oili iliyokwisha kuzunguka kwenye injini.

Asubuhi nilimlaza ubavu, nikavitanua vile vidole kimoja kimoja. Kupe wawili, mmoja ameshiba kama punje ya kunde. Ngozi nyekundu, ina unyevu, inanuka kama mkate uliolala. Daktari wa mifugo akakwangua kidogo akaangalia kwenye hadubini: utitiri wa ukurutu haukuwepo, ila fangasi. Akanieleza na ile kutu. Mate ya mbwa yana kemikali iitwayo porifirini, na yakikaa juu ya manyoya meupe au ya rangi hafifu huyageuza hudhurungi. Maana yake Simba alikuwa akiulamba mguu ule siku nyingi kabla sijamsikia. Angeachwa aendelee kwa miezi, pangeweza kuota kidonda kigumu kisichopona, na hata mwasho ukiisha ulimi unarudi pale pale kwa mazoea.

Tukatumia dawa ya kuoshea miguu, na vidonge vya kupe vilivyopimwa kwa uzito wake. Ili asilambe nikamvalisha soksi ya mtoto. Akaila. Tukaishia kwenye ile kola ya plastiki kama faneli, akatembea nayo akigonga milango yote.

Na sakafu je? Nilidhani ni ukiwa, au makombo. Siku moja nikamwona alfajiri analamba sementi tupu, kisha akatapika povu la njano. Baadaye nikaja kusoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal nchini Kanada, mwaka 2012, walipima mbwa 19 wenye tabia ya kulamba sakafu na kuta, wakakuta 14 kati yao wana matatizo ya tumbo au utumbo. Simba alikuwa akipewa ugali mara moja tu, usiku. Tumempa dawa ya minyoo na chakula chake tumekigawa mara mbili. Povu silioni tena, na sementi sasa anaiacha.

Huwa nasikia wafugaji wakitaja, kwa mbwa mgeni, siku 3, wiki 3, miezi 3: kutulia, kuzoea, kujiona yuko kwao. Ni makadirio ya watu, si kanuni ya tiba, na Simba hakuifuata. Ulimi wake nimeupa kazi. Tukirudi kutembea asubuhi, napaka uji mzito baridi kwenye sahani ya bati, naye anailamba robo saa nzima mpaka inasogea yenyewe uani ikigonga mawe. Kisha anapiga miayo, analala.

Usiku bado namsikia mara moja moja. Natoka na tochi, natanua vidole, natazama. Mara nyingi hakuna kitu.

Jana Bi Mwanaidi alipita. Simba alikuwa kwenye gunia lake, akainua kichwa, akapiga mkia chini mara mbili, akabaki pale pale. "Leo kaniamkia kwa mkia," alisema, akaendelea na safari yake bila kukusanya pindo la kanga.